Posti ya Mwansa: redio iliyogoma kuongea juani, Nchelenge

Wakuu, habari za humu. Shikamoo sitoi, maana kwa umri wangu sidhani kama jukwaa hili lina mtu wa kunizidi. Marahaba nyote.

Naandika kwa kidole kimoja, tena cha mkono unaotetemeka, kwa hiyo mtanivumilia. Ninachosimulia kilinitokea mimi mwenyewe, sijakisikia kwa mtu. Anayedhani bibi katunga, nyuzi za mpira ziko kule juu, aende.

Nimezaliwa Nchelenge, ukingoni mwa ziwa Mweru, upande wa Zambia, wakati huo ikiitwa Northern Rhodesia. Mbeya nimeletwa na maisha. Mkasa wenyewe ni wa mwishoni mwa miaka ya hamsini.

Kilichonikumbusha ni mjukuu wangu wa kike. Anasoma chuo mambo ya semiconductor. Alikuja likizo na kidude kidogo kama ukucha, kimeunganishwa na waya na taa. Akaniambia, bibi, hiki kinaona mwanga. Akakifunika kwa kidole, taa ikazima. Akatoa kidole, ikawaka.

Akasema kazi yao chuoni ni kutafuta material ambayo yatakaa pamoja na silicon kwenye chip moja bila kugombana. Yaone mwanga, halafu yakumbuke yalichokiona. Jicho na kumbukumbu mahali pamoja.

Mimi nikacheka. Halafu nikalia kidogo, mtoto wa watu akaogopa.

Maana kitu hicho nilishakiona, wakuu. Nilikiona nikiwa msichana, kikanivuruga akili, na sikukielewa mpaka likizo hiyo. Confusion ya maisha mazima.

Haya, twende.

Kwanza lugha. Kwetu tunaongea Kibemba. Kiswahili kilikuwa cha biashara, cha kuuziana samaki na watu wa ng'ambo, upande wa Kongo. Na si hiki Kiswahili cha taarifa ya habari. Ni cha Katanga. Watu nitawaandika walivyosema, kwa hiyo walimu wa sarufi mliomo humu, pumzikeni.

Alikuwapo kijana anaitwa Mwansa. Wazazi wake ni wa kwetu, lakini yeye alikulia Elisabethville, mji wa migodi kule Katanga, baba yake alikuwa akifanya kazi migodini. Kibemba chake kilikuwa kinachechemea vibaya, akiongea watoto walikuwa wanajificha wacheke. Alikuja kusalimia ukoo, akanikuta kanisani naimba sauti ya pili. Hakurudi Elisabethville.

Nilimpenda. Siandiki kwa kuzunguka, nilimpenda yule kaka mpaka nikawa naunguza samaki.

Tatizo lilikuwa baba yangu. Baba alikuwa mvuvi, na ndugu zake wote wavuvi. Mwansa maji alikuwa anayaogopa. Alipanda mtumbwi mara moja tu, akashika kingo zote mbili, macho kayafumba, na hadithi hiyo ikasafiri kutoka Kabuta mpaka Mununga kabla yeye hajakauka.

Baba akauliza swali la haki kabisa. Mtu asiye na wavu, mke wake atakula nini?

Mwansa alikuwa na jibu. Kule Elisabethville alikuwa akifanya kazi kwa mzungu fundi wa redio, akajifunza. Alisema pwani yote ya ziwa haina fundi wa redio, na redio zinakuja. Kama ushahidi alikuwa na redio aliyoiunga mwenyewe. Yeye aliiita posti, kama wanavyosema kule.

Kwetu mwanaume haendi mwenyewe kuomba mchumba. Anamtuma mshenga, tunamwita shibukombe. Wa Mwansa alikuwa Ba Kabwe, mzee mcheshi mwenye kofia ambayo hakuivua hata akila. Ba Kabwe alikuja na sahani iliyofunikwa kitambaa, ndani kitu kidogo cha kufungulia maneno, kama desturi inavyotaka. Na pembeni ya sahani akaweka posti. Hiyo haikuwa desturi. Hiyo ilikuwa akili ya Mwansa.

Baba hakuwapo, alikuwa kambini kisiwani Chisenga na nyavu zake. Kwa hiyo jioni ile waliosikia ni sisi wengine. Mwansa alikuja kuiwasha tu, akakaa uani na kaka zangu, mimi nikachungulia.

Nyie mliozaliwa na simu mkononi hamwezi kuelewa. Redio za wakati ule zilikuwa na taa za kioo ndani na betri nzito kama tofali. Hii ya Mwansa ilikuwa kiboksi cha mbao unachoweza kubeba kwapani. Alifungua mgongo wake akatuonyesha. Ndani waya, na vioo vidogo vyenye miguu mitatu mitatu, vyeusi tii kama mbegu za papai.

"Hii njo transista," alisema. "Inafanya kazi ya ile taa mukubwa."

Akafunga. Akatundika waya juu ya mti wa kuanikia nyavu. Akazungusha kifundo, na sauti ya mtu wa Elisabethville ikaingia uani kwetu ikiongea Kiswahili. Mama aliyekuwa ndani ya jiko aliacha kupuliza moto.

Sasa shikeni hili, ni la muhimu. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawasemezani. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Mwansa akija kwetu mama anaingia jikoni, na akiwa na la kusema analisema kupitia mimi au Ba Kabwe. Hali hiyo inaendelea hata baada ya ndoa, mpaka siku maalumu ambayo nitaifikia.

Posti ikabaki kwetu, baba akirudi aikute.

Na kwetu kitu cha thamani hakiwekwi chini, mchwa watakula. Mbegu ya mahindi ya msimu ujao tunaining'iniza juu ya moto, moshi unafukuza wadudu. Mama alimheshimu sana huyo mkwe aliyekuwa hajawa mkwe. Akaichukua posti yake akaiweka mahali pa heshima kuliko pote nyumbani: juu ya uchanja wa kukaushia samaki.

Mimi nikaenda Kabuta kwa dada yangu aliyekuwa amejifungua. Niliporudi baba alishafika, na posti ilikuwa mezani inang'aa, imefunikwa kitambaa cheupe. Sikujiuliza chochote.

Jumapili baada ya ibada, watu wakajaa uani. Baba na ndugu zake kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, nusu ya choir. Jua la kutoboa. Mama jikoni, mlango umefungwa nusu. Mwansa kavaa shati jeupe.

Alipotaka kuiwasha, baba akainua mkono.

"Fungula," alisema. "Nione ndani. Mutu akisema na sura yake imefichama, ule mutu eko na mambo. Kintu njo vile vile."

Mwansa akafungua mgongo, akaugeuzia kwa baba, jua likaingia ndani. Akazungusha kifundo.

Kukatoka mngurumo kama mafuta yanakaangwa, halafu kimya.

Akazungusha tena. Kimya. Akagusa waya, akapuliza, akatoa betri akazirudisha. Jasho likamtoka mpaka shati likaganda mgongoni. Mtu mmoja nyuma akacheka, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Mwansa akaomba ruhusa, akaibeba posti mgongo ukiwa bado wazi, akaingia nayo nyumba ya kaka yangu, nyumba isiyo na dirisha.

Ikaongea! Tukaisikia wote, muziki kabisa.

Akatoka nayo mbio anatabasamu. Alipovuka kizingiti, ikanyamaza mikononi mwake. Akarudi ndani, ikakwaruza kidogo kisha ikaongea. Akatoka, kimya. Wakuu, sijawahi kuona uso wa mtu uliochanganyikiwa kama ule. Alisimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, posti inakohoa.

Ba Kabwe akajitahidi kuokoa jahazi. "Iko na haya," alisema. "Batu beko bengi."

Watu wakacheka, baba hakucheka. Akasimama.

"Kintu inasema tu wakati mutu haione, mi naiogopa. Lori iko inapakiya samaki. Kama ile posti haiseme mbele yangu, na jua iko, weye na posti yako mutapanda lori."

Lori hilo lilikuwa la mfanyabiashara wa samaki, lilikuwa linaondoka Jumanne kwenda Copperbelt. Kwa hiyo ndiyo hivyo. Ikiongea, naolewa na Mwansa. Isipoongea, anaondoka na lori, na mimi baba alishanitafutia mwenye nyavu huko Mununga.

Usingizi ulinipaa.

Jumatatu nikapeleka chakula kwa Ba Kabwe, alikokuwa amefikia Mwansa. Nikamkuta barazani, posti kifua wazi, yeye amekaa chini kama mtu aliyefiwa. Majirani wamemzunguka, kila mmoja na tiba yake. Mmoja anasema ni unyevu wa ziwa. Mwingine anasema posti ya Kongo haiwezi kuvuka mpaka bila kibali. Mmoja akashauri ipelekwe kwa mchungaji.

"Mapile iko muzuri," Mwansa aliniambia akigonga betri. "Waya iko muzuri. Hii kazi mi naijua. Sijue inakatala juu ya nini."

Alidhani ni joto. Akaiegemeza ndani ya nyumba, kwenye ukuta uliochomwa na jua, ikakwaruza kidogo lakini ikaongea. Basi si joto. Akadhani ni upepo. Akaipepea ndani, ikaongea. Si upepo. Kila alilolijua aliliondoa, akabaki mikono mitupu.

Nikaweka sahani chini. Nikainama juu ya posti nitazame ndani.

Ikaongea.

Kwa kukwaruza, ndiyo, lakini sauti ya mtu ilitoka. Nikashtuka nikanyooka. Ikanyamaza.

"Inama tena," alisema Ba Kabwe.

Nikainama, ikaongea. Nikanyooka, kimya. Akanifanya niiname na kunyooka mpaka kiuno kikauma. Kila nikiinama inaongea. Majirani wakarudi nyuma, mama mmoja wa choir akashika mdomo.

"Inamujua," alisema mtu. "Ile posti inamujua huyu mutoto mwanamuke."

Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Nusu yangu iliogopa. Nusu nyingine, nisiwafiche, ilifurahi, nikafikiri pengine mapenzi yangu yameingia mpaka kwenye waya. Ndivyo akili ya aliyependa inavyofanya kazi.

Lakini nilipoinama mara ya mwisho niliona jambo. Zile mbegu za papai hazikuwa nyeusi tena. Zilikuwa zinang'aa, kioo kitupu, unaona ndani kijidude cha kijivu. Nilimtazama Mwansa. Alikuwa anatazama pembeni.

Nikarudi nyumbani mbio. Mama alikuwa anaparua magamba.

Nikamuuliza, mama, kuna mtu aliifungua posti?

Mama akaendelea na samaki wake. Halafu akasema, kwa Kibemba, maneno ambayo nikiyatafsiri yanakuwa hivi:

"Moshi wa jiko langu ulikuwa umemchafulia kitu chake. Nje masizi, ndani masizi. Nikafungua kwa ncha ya kisu, nikapangusa. Vile vioo vidogo vilikuwa vimeshika masizi magumu, nimeparua mpaka vikatakata. Nilitaka akija akute kisafi. Mimi siwezi kumwambia karibu. Hiyo ndiyo karibu yangu."

Akaweka kisu chini. "Lakini usimwambie ni mimi. Mama mkwe anashika vitu vya mkwe wake? Watasemaje?"

Wakuu, mama hakukosea kwa ujinga. Kwenye nyumba ya samaki wa moshi, kila kilicho cheusi ni masizi. Sufuria, paa, ukuta, kope za mpishi. Mwanamke anayejiheshimu anaparua. Hakuna mtu Nchelenge nzima ambaye angefikiri kuna kiwanda kinachopaka kioo rangi nyeusi makusudi.

Sasa nikawa katikati. Nikimwambia Mwansa, nimemvunjia mama heshima. Nikinyamaza, Mwansa anapanda lori. Na kama mama aliharibu, sikuelewa ameharibu nini, maana kusafisha kioo kunawezaje kuziba mdomo wa redio?

Kabla sijapata jibu habari za kuinama zikamfikia baba. Alirudi kutoka ufukweni uso umevimba. Akasema kumbe ni hivyo, kijana ameweka kitu ndani ya boksi cha kumvuta binti yangu. Akataka kuvunja maneno palepale. Ba Kabwe alikuja, akaketi, akasema kwa muda mrefu huku kofia kichwani, mpaka baba akalegea kidogo.

Sharti jipya likawa hili. Posti iongee juani, kifua wazi, na mimi niwe mbali, kule kwenye mitumbwi, nisiisogelee.

Jumanne asubuhi lori lilikuwa limeshafungwa turubai. Begi la Mwansa Ba Kabwe alishalipandisha, kwa sababu dereva alikuwa mkali na hangoji mtu. Mwansa alikuwa ameenda kuoga ziwani, ukingoni kabisa bila shaka. Posti ilikuwa barazani, peke yake.

Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mtumbwi wa mbao wa baba, ambako kulikuwa na kopo la lami ya kuzibia nyufa. Nilichota kwa kijiti.

Msiniulize nilifikiri nini kisayansi. Sikufikiri sayansi. Nilifikiri kilichoondolewa kirudishwe, basi. Vilikuwa vyeusi vikiongea, vimekuwa vyeupe vimenyamaza, nivirudishie weusi wao. Nikafungua, nikapaka kioo kimoja kimoja, nikizunguka miguu ili isishikane. Nikafunga, nikafuta mikono kwenye nyasi, nikaondoka bila kuijaribu. Niliogopa kuiwasha nikasikia kimya.

Halafu wakaniweka kwenye mitumbwi.

Kutoka kule nilikuwa naona uani lakini sisikii. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, unapeleka sauti zote bara. Nikaona baba ameketi. Nikaona Mwansa anafungua mgongo wa posti, anaugeuza kwenye jua. Nikaona anazungusha kifundo.

Hakuna aliyesogea.

Nikasubiri waruke, wacheke, wafanye chochote. Wamekaa tu. Baba kainamisha kichwa. Nikaona Ba Kabwe anavua kofia, nami nikajua yamekwisha, maana ile kofia haikuwa inavuliwa ila msibani.

Lori likapiga honi. Mwansa akasimama, akaiacha posti pale chini, akatembea kwenda kwenye lori. Hakutazama upande wangu hata mara moja. Akapanda nyuma, akazama chini ya turubai.

Nilikaa kwenye mchanga. Nililia kwa sauti, nikasema maneno ambayo mwimba kwaya hatakiwi kuyajua. Nilimlaumu baba, nikamlaumu mama na kisu chake, nikailaumu lami. Nilijiona nimeshafika Mununga, napika kwa mtu nisiyemjua.

Kisha nikaona turubai linainuka. Mwansa akashuka, begi lake kichwani. Lori likaondoka, vumbi likatimka, na lilipotulia yeye alikuwa bado amesimama pale.

Alikuwa ameenda kuchukua begi.

Waliniambia baadaye kwamba posti iliongea mara moja, safi, jua likiwa ndani yake, na ilikuwa ni nyimbo za kanisa, ndiyo maana wazee walikaa kimya na Ba Kabwe akavua kofia. Mimi huku nilikuwa nimeshaolewa Mununga na kuzeeka huko.

Baba alisema neno moja tu. "Aba." Kwa Kibemba ni "huyu", tena huyu wa heshima. Ikatosha.

Walimuuliza Mwansa ilikuwa nini. Akajibu kwamba kulikuwa na waya umelegea, ameuunga. Nikamtazama. Hakunitazama. Nikafikiri, kumbe kweli, labda ni waya, labda lami yangu ni upuuzi mtupu. Nikabaki na swali hilo na kuona haya kuliuliza.

Sasa kwa wanaopenda sayansi, mjukuu amenieleza hivi, na aliye na elimu atanirekebisha.

Zile transista zilikuwa za germanium, zimefungwa ndani ya kioo. Germanium ikipigwa na mwanga inapitisha umeme hata usipoiambia. Rangi nyeusi ilikuwa pazia. Mama alipoiparua, kila transista ikawa jicho, na jua lilipoingia umeme ukafurika ndani, sauti ikazama. Ndani ya nyumba isiyo na dirisha macho yale yalikuwa gizani, redio ikafanya kazi. Nilipoinama, haikuwa mapenzi. Ilikuwa kivuli changu.

Nilisikitika kidogo aliponiambia hilo la kivuli. Miaka yote hii nilikuwa nimeliweka mahali pazuri moyoni.

Nilimuuliza, basi kwa nini Mwansa akiingia ndani posti ilikuwa inachelewa kidogo kurudi vizuri, kana kwamba bado inakumbuka jua? Akasema hiyo si kumbukumbu, ni joto la jua lililobaki kwenye germanium. Kumbukumbu ya kweli, kitu kinachoona mwanga na kuutunza hata baada ya kuzimwa, ndiyo wanayoitafuta wao maabara. Na akaongeza kwamba viwanda baadaye viliuza transista hizohizo bila rangi, zikiitwa vihisi vya mwanga, kwa bei ya juu zaidi.

Kwa hiyo mama alitengeneza kihisi cha mwanga kwa kisu cha kuparua magamba, ukingoni mwa Mweru, na hakuna aliyempa cheti.

Haya, nimalizie.

Tulifunga ndoa. Mwansa akakaa kwetu akimfanyia baba kazi za nchi kavu, na redio za watu zikaanza kuja kutengenezwa. Muda wote huo yeye na mama waliishi kwenye ua mmoja bila kuonana uso. Yeye akipita mama anageuka. Mama akimwekea chakula, anakiacha kizingitini.

Ikafika ile siku niliyowaambia, tunaiita ichilanga mulilo, kumwonyesha mkwe moto. Upande wa mke wanapika kila aina ya chakula wanachokula wao, wanamwekea mkwe, wanamwonyesha kimoja kimoja. Baada ya hapo mwiko unakwisha. Anaweza kula kwao, anaweza kumtazama mama mkwe na kusema naye.

Chakula kikafunuliwa. Mama akaletwa, akaketi mbele ya Mwansa, macho chini. Ba Kabwe akatangaza kwamba njia imefunguliwa. Watu wote wanangoja neno la kwanza, maana neno hilo watu hulikumbuka.

Mwansa akasema, "Mayo, aksanti ya kunipanguziya posti."

Mama akainua macho haraka akanitazama mimi. Jicho kali hilo. Alidhani nimetoa siri yake. Wakuu, naapa sikuwa nimesema, si kwake, si kwa mtu yeyote.

Mwansa akacheka kidogo. "Hapana yeye. Kule baraza ya Ba Kabwe nilikuta gamba ya samaki mu posti. Na alama ya kisu. Nilijua ni weye. Sikujua tu juu ya nini kupanguza inafunga posti kinywa. Nilikuwa naweza kusema nini? Desturi iko." Halafu akanigeukia. "Na ile lami, muke wangu, ilinuka mpaka ngambo, kule Kasenga."

Alijua. Tangu barazani alijua nani ameparua, akachagua kusema waya umelegea, akachagua hata kupandishiwa begi kwenye lori, kuliko kusimama mbele ya watu na kumtaja mama yangu.

Nilimpenda upya siku hiyo, na nikaendelea hivyo mpaka nilipomzika.

Sote tukamgeukia mama. Tukangoja. Na neno lake la kwanza kabisa kwa mkwe wake, kwa kile Kiswahili chake cha sokoni, likawa hili:

"Eee, mwana wangu. Ilikuwa na buchafu mingi sana."

Watu walicheka mpaka chakula kikapoa. Baba anauliza, alipanguza nini, buchafu gani, na hakuna aliyemjibu. Hakuna pia aliyemweleza mama kwamba ile kazi nzuri nusura itufukuzie mume. Alizeeka akijua kwamba aliisafisha posti, na kwamba ilipokuwa safi ndipo ikakubali kuongea.

Somo, maana najua mnalisubiri. Kuna mapenzi yanayoharibu kitu kwa nia njema kabisa. Yakikupata, paka lami, unyamaze, uendelee kuishi na watu wako.

Wataalamu wa electronics mliomo, njooni mseme kama mjukuu wangu amenieleza sawa. Na waliokulia kandokando ya Mweru, semeni kama desturi hiyo bado iko. Nasoma comment zote, polepole, na miwani.

Ila atakayekuja kuandika hapa kwamba mama yangu aliharibu redio, huyo namblock.